Sura ya Sita: Pongo Hana Kushoto

"Rudia hapo kwenye radi," alisema Sajini Athanas.

Jilala alikuwa amechuchumaa chini ya kidirisha cha mahabusu, mikono juu ya magoti. Tangu Jumatano alikwisha kuisimulia habari hiyo mara tatu, kwa polisi watatu, na wote watatu walicheka. Mmoja alifikia hatua ya kuwaita wenzake waje wasikilize. Sasa alikuwa akiutazama uso wa sajini ajue cheko litaanza saa ngapi.

"Nilikuwa natoka shimoni kinyumenyume," alisema. "Miguu imeshatoka nje, kichwa bado kiko ndani, nungunungu nimembeba mgongoni. Radi ikapiga. Kila kitu kikawa cheupe, mpaka mizizi iliyoko ndani ya shimo niliiona."

"Kulikuwa na mvua?"

"Mwezi huu wa nane, afande? Mvua itoke wapi."

"Ngurumo je?"

"Hakuna. Ililia ta, kama kijiti kikavu kimekanyagwa, ikanyamaza. Nikamtupa nungunungu, nikakimbia."

Athanas hakucheka. Aliandika *ta* katika kijitabu chake, akalipigia mstari.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi, na ndiyo maana kila mtu kituoni Kharumwa aliona imekwisha. Jumanne usiku mwizi aliingia katika banda la kuchomea dhahabu kwenye mgodi mmoja mdogo wa upande wa Geita, akampiga mlinzi, Stanslaus, rungu la kisogo, akaondoka na donge zima la wiki: dhahabu ikiwa bado imeshikana na zebaki, haijachomwa. Wenzake walimkuta Stanslaus anavuja damu mara tu baada ya injini ya umeme kuzimwa, na injini ile huzimwa saa mbili na nusu kamili, hata kama tajiri mwenyewe yuko katikati ya chakula. Tangu hapo Stanslaus alilala hospitali asijue lolote. Alfajiri ya Jumatano Jilala alikutwa njiani, ngozi yake ya mbuzi ina damu, hana windo, na maelezo yake ni radi ya kiangazi. Jumatatu Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, angefika kusikiliza kesi. Stanslaus akifa, Jilala angenyongwa. Akipona bila kukumbuka kitu, Jilala angezeekea jela.

Ushahidi wote ulitoka kwa mtu mmoja, nyapara wa mgodi, jina lake Herman. Athanas alimwita asubuhi hiyohiyo ya Ijumaa ili aandike maelezo yake upya, na Herman akaja na baiskeli inayong'aa, kanzu nyeupe chini ya koti, amenyoa vizuri. Alisema bila kusitasita. Injini ilizimwa, alikuwa kibarazani kwake na kandili, akamwona Jilala akitoka mbio nyuma ya banda. Anamjua. Mara ngapi amemfukuza huyo mwinda nungunungu kwenye mashimo ya kampuni.

"Na wewe huingia katika banda la kuchomea?" Athanas aliuliza, kalamu ikiendelea kutembea.

Herman alisema hapana. Kazi yake ni kuhesabu watu na ndoo. Zebaki ina watu wake, yeye tangu azaliwe hajawahi kuigusa.

Alipoinama kutia sahihi, pete yake ya ndoa ilimeta juu ya karatasi. Ilikuwa nyeupe, yenye ukungu kidogo.

"Pete nzuri. Fedha?"

"Fedha," alisema Herman. "Niliinunua Mwanza."

Athanas akakausha wino, akamshukuru. Mtu mwingine angemfuata nyapara hadi nje. Yeye alitoka kwa mlango wa nyuma, ambako mke wa Jilala, Mbuke, alikuwa amekaa na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, lililofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Mageni. Mumeo ana viganja vizuri, nimeviona. Miguu sijaiona vizuri. Ina alama?"

Mbuke alidhani anataniwa, lakini alijibu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakipo, shoka lilikikata akiwa kijana. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba Jumatatu watamchukua mumewe Mwanza. Athanas hakupenda kumwahidi mtu kitu ambacho hakijawa mkononi, na hilo lilimchoma, kwa sababu mama huyu alikuwa ametembea tangu jogoo la kwanza. Alimwambia ale michembe hiyo yeye mwenyewe nusu, kwani bado kuna siku tatu.

Mwanga usio na ngurumo Athanas alikuwa ameuona kwa macho yake. Miaka miwili nyuma, akiwa koplo Shinyanga, aliwaona wataalamu wa mbung'o wakifunga kamera vichakani. Uzi wa waya hutandazwa kwenye mapito ya wanyama, mnyama akiugusa globu hupasua mwanga, kamera humpiga picha, naye huondoka akijiuliza kumetokea nini. Walitaka kujua ni wanyama gani wanaowalisha mbung'o damu. Na kambi ya namna hiyo sasa ilikuwapo maili kumi na tatu kutoka mgodini, upande uleule Jilala aliosema alikuwa akiwinda.

Akapanda baiskeli. Kwenye kizuizi cha mbung'o, mlinzi mwenye wavu mweupe alimzunguka kwa makini yote, akamtoa mbung'o wawili mgongoni, akaandika katika daftari jina, cheo na idadi ya wadudu. Athanas alimwuliza kama Jumanne jioni Jilala alipita. Hapana, akasema mlinzi, wawinda nungunungu hawapiti kizuizini, wanapita wanakojua wao. Kisha akamshauri sajini akirudi avae shati jeupe, mbung'o wanapenda kilicho cheusi.

Kambini mtaalamu Mzungu hakuwapo, yuko likizoni pwani. Aliyekuwapo ni msaidizi wake, Pantaleo, mtu wa umri wa makamo hivi, mwembamba, ambaye vidole vyake vilikuwa vya kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Alikuwa mtu wa wanyama. Alimkalisha Athanas, na kabla hajaulizwa alifungua daftari kubwa akamsomea, kwa raha kabisa, hesabu ya mwezi: pongo kumi na wanne, ngiri tisa, swala pala ishirini na mmoja, tandala wawili, dume na jike, chui mmoja mkia tu.

"Jumanne usiku," alisema Athanas. "Kamera iliyo karibu na mashimo ya nungunungu."

"Namba tano. Hiyo ilipiga." Akapitisha kidole. "Nungunungu, mmoja. Saa tisa na robo usiku."

"Saa umeijuaje?"

Pantaleo alieleza. Mbele ya kila kamera kuna mti uliochomekwa, na saa ya mezani imefungwa juu yake, ili ionekane pembeni mwa picha. Kila jioni saa kumi na mbili, akitega waya, huzitia saa hizo ufunguo na kuzirekebisha kwa saa ya redio. Kamera ikipiga mara moja imekwisha kazi mpaka asubuhi atie kioo kingine cha picha na globu nyingine. Jumatano alipokwenda alikuta miiba ya nungunungu imetapakaa, damu, na nyayo za fisi. Akaandika nungunungu, akamwombea kwa Mungu, akaendelea na kazi.

Aliitoa picha. Athanas aliipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Palikuwa na gogo upande wa kulia, saa upande wa kushoto, mdomo wa shimo katikati. Katika mdomo wa shimo, miiba ya nungunungu ilikuwa imesimama juu ya kitu cheusi cheusi. Ukitafuta nungunungu, utamwona nungunungu. Lakini chini ya miiba, pale ambapo mnyama angekuwa na mkia, palikuwa na nyayo mbili za binadamu zinazoangalia kamera, visigino juu, vidole chini.

"Pantaleo. Nungunungu wako anavaa miguu ya nani?"

Pantaleo aliitazama picha muda mrefu. Aliketi chini polepole. Siku tatu aliiona picha hiyo, akaipa namba, akaipaka gundi. Alikuwa akihesabu wanyama, alisema kwa sauti ndogo, mtu hayumo katika orodha.

Athanas alikuwa amejaa furaha, na furaha hiyo ilidumu kiasi cha kuhesabu vidole. Mguu wa upande wa kushoto ulikuwa na vidole vitano. Mguu wa upande wa kulia ndio ulikosa kidole kidogo. Mtu aliyelala kifudifudi miguu ikikutazama, kushoto kwake ni kushoto kwako. Mbuke alisema kushoto. Na hata kama Mbuke angekuwa amekosea, saa tisa na robo haikumsaidia mumewe hata kidogo. Mtu anayeiba saa mbili na nusu anaweza kutembea maili kumi na tatu taratibu, akafika saa saba, akapumzika na kuingia shimoni ili awe na la kusema.

"Basi si yeye," alisema Pantaleo.

"Au ni yeye na ndiye mwizi," alisema Athanas, na maneno hayo yalimkera kinywani.

Angeweza kurudi kituoni na picha hiyo, na picha hiyo ingemfunga Jilala vizuri kuliko ushahidi wa Herman. Badala yake alimwomba Pantaleo ampeleke kwenye namba tano wakati jua bado liko juu.

Walifika saa tisa alasiri. Palikuwa na mashimo mengi, mengine yamezibwa na majani, na Athanas akaelewa jambo lililokuwa likimsumbua: vipi mwindaji asiuone waya akiingia. Jilala hakuingilia hapa. Aliingilia mdomo mwingine, hatua thelathini nyuma ya kichaka, ambako mkuki wake bado ulikuwa umeegemezwa kwenye mti. Aliingia mchana, kama wawinda nungunungu wanavyofanya, akamfuata mnyama chini kwa chini kwa saa nyingi, akatokea upande wa pili. Pantaleo alipokuwa akitega waya Jumanne jioni, mtu alikuwa akitambaa chini ya viatu vyake. Pantaleo alirudi nyuma hatua mbili aliposikia hivyo.

Athanas alisimama pale pale ilipo kamera, akainua picha usawa wa macho. Akatazama picha, akatazama shimo. Akatazama tena.

"Gogo limehamishwa?"

"Gogo gani? Lile watu sita hawalisogezi."

Gogo lilikuwa upande wa kushoto. Mti wa saa ulikuwa upande wa kulia. Athanas akamwonyesha picha, na safari hii Pantaleo hakuhitaji muda mrefu. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Nimegeuza kioo," alisema.

Akaeleza wakiwa njiani kurudi, karibu wanakimbia. Kioo cha picha kina pande mbili, upande wa dawa na upande mtupu. Ukikilaza kwenye karatasi kwa upande usio wake, picha inatoka, lakini kulia kunakuwa kushoto. Bwana wake alimfundisha kukwaruza pembeni kwa ukucha kabla ya kuchapa, lakini tangu Bwana aondoke kwenda likizo alikuwa na vioo vingi na mikono miwili. Nani angejua? Miaka mitatu wanahesabu wanyama, hakuna aliyewahi kuuliza ngiri alikuwa akielekea wapi.

"Pongo hana kushoto, Sajini," alisema kwa masikitiko. "Ni pongo tu."

"Na saa?"

Saa ya namba tano ilikuwa imepigwa na jua miaka yote hiyo, tarakimu zake zimefutika, vimebaki vistari kumi na viwili vinavyofanana. Ndiyo maana haikumshtua mtu.

Katika chumba cha giza Pantaleo alikwaruza kioo kwa ukucha mara tatu, ili pasiwe na maneno. Akakilaza. Athanas alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, akiitazama karatasi ikiogelea ndani ya beseni chini ya taa nyekundu. Gogo lilikuja kushoto. Nyayo zikaja, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Mwisho ikaja saa. Mshale mfupi ulikuwa umekaribia kistari cha tisa, mrefu uko juu ya cha tisa chenyewe.

"Isome wewe," alisema Athanas.

"Saa tatu kasorobo," alisema Pantaleo. "Saa tatu kasorobo usiku."

Dakika kumi na tano baada ya Stanslaus kupigwa, Jilala alikuwa maili kumi na tatu kutoka hapo, kichwa chini ya ardhi na nyayo mbele ya kamera ya serikali. Athanas hakuwa mtu wa kucheka kazini, lakini pale kwenye chumba cha giza alicheka mpaka akashika meza, na Pantaleo, ambaye hakuwa na hakika kama amesamehewa, akacheka pia.

Kulikuwa bado na jambo la nyapara. Mtu anayesema amemwona mwingine mahali ambapo hakuwapo ana sababu yake. Jumamosi Athanas alikwenda mgodini, si kwa Herman bali kwa mchomaji wa dhahabu, mzee Bujiku, akakaa naye nusu saa wakizungumza habari za zebaki. Alipoondoka alimwomba mzee Jumatatu aje Kharumwa na kikaango chake cha chuma na makaa.

Jumatatu Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza kibarazani, kofia yake juu ya mafaili. Watu walijaa uani. Jilala aliletwa na pingu, na Mbuke alikuwa mstari wa mbele na bakuli lake. Herman alitoa ushahidi kwa ufasaha uleule. Saa mbili na nusu, kandili, alimwona kwa macho yake mawili. Athanas alimwuliza mara mbili kama hawezi kuwa amemfananisha, na mara zote mbili nyapara alikasirika kidogo akasema hapana, yule yule.

Ndipo Athanas akaweka mezani picha, na kando yake kioo chenyewe. Alieleza habari ya waya, habari ya saa, habari ya gogo. Bwana Shauri, ambaye naye alikuwa na kamera yake nyumbani, alikishika kioo kwenye mwanga, akakwaruza pembeni kwa ukucha, akatikisa kichwa kukubali. Akaamuru mshtakiwa avue makubazi. Jilala aliinua mguu wa kushoto, akautazama kwa wasiwasi, kama vile labda kidole kimerudi.

Mbuke alisogezewa picha. Hakuwa amewahi kushika picha maishani mwake.

"Nyayo hizi ni za nani?" Bwana Shauri aliuliza.

"Za Baba Mageni," alisema papo hapo. "Huyu ndivyo anavyotoka shimoni. Kila siku namwambia aoge miguu."

Ua mzima uliangua kicheko, na Jilala aliinamisha kichwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Katika kicheko hicho ni Herman peke yake aliyenyamaza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeufunika wa kushoto.

Athanas aliomba ruhusa ya kumwuliza shahidi swali moja zaidi, kuhusu pete.

"Nilishasema. Ni fedha."

"Basi moto hautaidhuru."

Herman alitaka kukataa, lakini Bwana Shauri alikuwa amenyoosha kiganja. Pete ilivuliwa kwa taabu. Mzee Bujiku aliitia kikaangoni, akawaambia watu wakae upande wa upepo, akapuliza makaa. Akiwa anapuliza alieleza, bila haraka, jambo ambalo kila mchomaji wa Geita analijua kabla hajajua kufunga mlango wa banda. Zebaki hushika dhahabu yoyote inayoikuta. Ndiyo maana wao huvua pete, hereni, hata meno wangevua kama ingewezekana. Mtu asiyekuwa wa kazi hii hushika donge kwa mkono mtupu, na asubuhi pete yake ya dhahabu imekuwa nyeupe. Hajui kuirudisha, basi huwaambia watu ni fedha.

Mvuke mwembamba ulipanda, ukaisha. Bujiku aliinua kikaango kwa kibanio, akakipeleka mezani. Ndani yake pete ilikuwa imerudi rangi ya njano, iliyopauka kidogo, lakini njano.

"Fedha ya Mwanza," alisema mzee, akakaa.

Herman aliitazama pete yake muda mfupi, halafu akasema donge liko ndani ya tandiko la baiskeli, ambalo alilipasua na kulishona. Athanas alimtuma konstebo na kisu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa kituo chenyewe, ambako ilikuwa ikiegemezwa kila mara alipokuja kutoa ushahidi.

Pingu zilifunguliwa hapa, zikafungwa pale. Jilala alisugua vifundo vya mikono, akamwendea Athanas, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, ng'wanawane," alisema, yaani asante, mwanangu, ingawa sajini alimzidi umri. Mbuke alifunua bakuli, na safari hii sajini hakumwambia ale nusu.

Pantaleo alikuwa amekuja na daftari lake kubwa. Lilikuwa halijatulia mkononi mwake tangu Ijumaa. Alilifungua juu ya tandiko lililopasuliwa, akafuta saa tisa na robo, akaandika saa tatu kasorobo. Kisha akasimamisha kalamu. Bwana wake atarudi wiki ijayo, alisema, na atakagua kila mstari, sasa hiki kiumbe cha namba tano akiandikeje.

"Andika ulichokiona," alisema Athanas.

Pantaleo akafikiri. Halafu, kwa mwandiko wake mzuri wa hesabu za wanyama, chini ya pongo kumi na wanne na ngiri tisa, akaandika: *Nungunungu, mmoja. Jilala, mmoja.* Jilala alimwomba amwonyeshe jina lake liko wapi, akaliwekea kidole.